Maswali Yenu ya Pesa: Hisa ya Kuazima Ina Mwenyewe

Mwezi huu nimechagua barua tatu tu, zote za jambo moja: kuuza hisa usizokuwa nazo wakati soko linateremka. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu kazi yangu ya miaka 11 kule Jersey City, kabla sijastaafu na kurudi Tanga, ilikuwa hiyohiyo. Nilikaa idara ya dhamana katika kampuni ya madalali wa hisa, na simu za kudai fedha za nyongeza kutoka kwa wateja nilikuwa nikizipiga mimi.

Shikamoo Bibi. Mimi ni dereva wa lori, naishi Columbus, Ohio, nina miaka 34. Soko linashuka na hisa za teknolojia ndizo zilizotangulia. Kuna kampuni moja (naomba usiitaje) haijawahi kupata faida hata mwaka mmoja, lakini hisa yake bado inauzwa dola 150. Nimesoma hesabu zao mwezi mzima, usiku, kwenye vituo vya malori. Nina hakika itafika 50. Nina dola 9,000 nilizoweka za kumalizia nyumba ya mama Korogwe. Nataka kuuza hisa 100 za kuazima, zikianguka nizinunue kwa bei ya chini nirudishe, nibaki na dola 10,000. Wenzangu wanasema nafasi kama hii hairudi. Au ninunue ile mifuko inayopanda soko likishuka? Unanishauri nini?

Marahaba mwanangu, na pole kwa barabara. Nimeisoma barua yako mara mbili, na zile hesabu za kampuni ulizoambatisha nimezipitia na kalamu mkononi. Hujakosea. Kampuni inayotumia kuliko inachoingiza, mwaka baada ya mwaka, kwa bei hiyo ni ghali mno. Kwa hiyo mimi na wewe hatubishani juu ya kampuni. Ninachotaka tukitazame ni deni unalotaka kuliingia.

Nikueleze kwa mahindi, maana wewe ni mtu wa Korogwe. Machi, ghala zikiwa tupu, gunia liko shilingi 90,000. Unakwenda kwa jirani mwenye akiba, unaazima magunia kumi, unayauza siku hiyohiyo, unashika 900,000. Unaamini mavuno yakitoka gunia litashuka hadi 50,000. Utanunua kumi kwa 500,000, utamrudishia jirani yake, 400,000 zitabaki zako. Sasa mvua zikikataa na gunia likafika 180,000, jirani hana habari na mvua. Anataka magunia kumi. Hadai zile fedha ulizopata, anadai magunia, na anaweza kuja kuyadai kesho alfajiri, mahindi yakiwa bado machanga shambani.

Huko uliko, jirani ni dalali wako, anayekuazima hisa za wateja wengine. Fedha za mauzo utaziona kwenye akaunti lakini huzigusi, zinashikiliwa kama dhamana. Juu yake, kanuni ya Benki Kuu ya Marekani inataka uongeze nusu ya thamani. Hisa 100 kwa dola 150 ni 15,000, wewe utaweka 7,500, jumla 22,500. Kuanzia hapo dalali anapiga hesabu kila siku: tukiondoa gharama ya kuzinunua tena zile hisa, je, kinachobaki kinafika asilimia 30 ya gharama hiyo? Hicho ni kiwango cha chini, na madalali wengi wanadai zaidi. Hisa ikifika dola 174, gharama ni 17,400, kinachobaki ni 5,100, yaani asilimia 29. Hapo simu inapigwa.

Umeiona tofauti? Mwezi mzima umetazama hisa ishuke dola 100. Kinachoweza kukutoa ni ipande dola 24. Na kila siku unayosubiri unalipa ada ya kuazima, kubwa zaidi kwa hisa ambazo kila mtu anataka kuziuza. Kampuni ikitoa gawio, yaani faida inayogawiwa wenye hisa, gawio hilo unamlipa wewe mwenye hisa, kutoka mfukoni mwako.

Utaniuliza, soko lenyewe linaanguka, hiyo asilimia 16 ya kupanda itatoka wapi? Ngoja nikusimulie siku moja.

Fahirisi ya Nasdaq, yaani kipimo cha pamoja cha bei za hisa za soko hilo la Marekani lenye kampuni nyingi za teknolojia, ilifika kilele tarehe 10 Machi 2000, ikafunga pointi 5,048. Hadi 9 Oktoba 2002 ilikuwa 1,114. Ukiitazama leo kwenye mchoro unaona mteremko mmoja, kama barabara ya kushuka Lushoto kwenda Mombo. Sisi tuliokuwa ndani hatukuuona hivyo. Jumanne tarehe 2 Januari 2001 Nasdaq ilianguka asilimia 7 kwa siku moja. Jumatano saa 7 mchana na dakika chache, bila mtu kutegemea, Benki Kuu ikatangaza kushusha riba kutoka asilimia 6.5 hadi 6. Nilikuwa na kipande cha andazi mkononi. Chumba kizima kilinyamaza kwanza, halafu simu zote zikaanza kulia pamoja. Soko lilipofungwa, Nasdaq ilikuwa imepanda asilimia 14.17 siku hiyo moja. Haijawahi kupanda vile kabla, wala tangu hapo.

Jioni ile printa ilitoa orodha ya akaunti zilizopungukiwa dhamana, karatasi ndefu zilizoungana, zenye mistari ya kijani. Zangu zilikuwa kurasa nne. Ukurasa wa pili kulikuwa na mteja niliyemjua kwa sauti, mwalimu mstaafu wa fizikia. Alikuwa ameuza hisa 800 za kuazima za kampuni ya vifaa vya mitandao, kwa dola 31. Zilifunga 41. Ilimbidi alete dola 5,440.

Nilipompigia, aliniuliza kama nina hakika ni akaunti yake. Nikamsomea tarakimu moja moja. Akasema, kwa upole kabisa, kwamba kampuni ile haiwezi kulipa madeni yake na kwamba ameandika yote kwenye daftari. Nikasikia kurasa zikifunuliwa. Alitaka kunisomea. Nyuma yake mke wake alikuwa akiuliza nani anapiga simu usiku. Nikamwambia, mzee wangu, daftari lako siwezi kuliweka kwenye akaunti. Hakuwa na hizo fedha. Asubuhi kampuni yetu ilizinunua zile hisa kwa niaba yake, soko lilipofunguliwa tu, kwa bei iliyokuwepo, kwa sababu mkataba unamruhusu dalali kufanya hivyo hata bila kumuuliza mteja. Akatoka na hasara ya zaidi ya dola 8,000.

Tarehe 4 Aprili mwaka uleule Nasdaq ilifunga 1,638, chini sana ya pale ilipokuwa kabla ya ile Jumatano. Hisa yake ilikuwa dola 12. Angekuwa na faida ya dola 15,200. Daftari lake lilikuwa sahihi kila ukurasa, na jina la akaunti yake nililitazama kwenye kompyuta mara kadhaa mwezi ule bila sababu ya kikazi. Ilinikaa, na bado imenikaa.

Usidhani ni yeye tu kwa kuwa alikuwa mtu mdogo. Julian Robertson, aliyeendesha mfuko wa uwekezaji wa Tiger na kuheshimiwa Wall Street nzima, alikataa kufuata zile bei za teknolojia zilizovimba. Wateja walimkimbia kwa sababu wenzake walikuwa wanapata na yeye anapoteza. Alitangaza kufunga mifuko yake tarehe 30 Machi 2000. Kilele kilikuwa tarehe 10. Siku ishirini, mwanangu, na hakuna aliyekuwa anajua kwamba kilele kimeshapita.

Na hata bei ikiwa ya uongo waziwazi, haimaanishi utaweza kuifikia. Tarehe 2 Machi 2000 kampuni ya 3Com iliuza sokoni sehemu ndogo, kama asilimia 5, ya kampuni yake tanzu ya Palm, ile ya kompyuta za mkononi. Ilishatangazwa kwamba baadaye mwaka huo kila mwenye hisa moja ya 3Com angepewa takriban hisa moja na nusu ya Palm. Siku hiyo Palm ilifunga dola 95.06. Mara moja na nusu ni zaidi ya 142. Lakini 3Com yenyewe, pamoja na biashara zake nyingine zote na fedha zake benki, ilifunga 81.81. Mtoto wa darasa la tano angeona kuna kosa. Wateja walipiga simu wakitaka kuuza Palm ya kuazima, na sisi tukawajibu hatuna hisa za kuwaazima. Zilikuwa chache sokoni, wanaozitaka wengi, na aliyezipata alizilipia ada kubwa. Kosa lilikaa wiki nyingi, kila mtu akiliona.

Kama unaona hayo ni ya zamani, chukua 2022. Meta, wenye Facebook, walipoteza karibu asilimia 64 ya bei ya hisa mwaka ule. Aliyeingia kuuza ya kuazima mwishoni mwa mwaka, habari zote zikiwa mbaya, aliiuza kama dola 120. Mwisho wa 2023 ilikuwa karibu 354. Na ndani ya mwaka ule mbaya wa 2022, tarehe 10 Novemba, zilitoka takwimu za mfumuko wa bei zilizo laini kidogo kuliko ilivyotegemewa, Nasdaq ikaruka asilimia 7 siku moja. Soko linaposhuka huwa limejaa watu wenye deni la hisa. Bei ikipanda kidogo wanakimbilia kununua ili walirudishe, na kule kununua kwao ndiko kunakoipandisha zaidi. Wanabanana mlangoni.

Sasa ushauri wangu. Fedha za nyumba ya mama zitoe kwenye habari hii leo. Bati na mbao za kenchi haziwezi kungojea Benki Kuu ifanye kikao. Kama una hisa zozote za teknolojia kwenye akiba yako ya uzeeni na unaziona ghali, hizo ziuze. Ni zako, hakuna wa kukupigia simu.

Kama bado moyo wako hautulii juu ya kampuni ile, iko njia ya kulipia haki ya kuuza. Unalipa kiasi fulani leo, unapewa haki ya kuuza hisa kwa bei mliyokubaliana hadi tarehe fulani. Hisa ikianguka unafaidika, ikipanda unapoteza kile ulicholipa basi, hata ikifika dola 1,000. Lakini nayo ina uchungu wake. Soko likiwa na hofu, haki hizo hupanda bei kwelikweli, na tarehe ikifika kabla hisa haijaanguka, umelipa bure. Kwa hiyo weka fedha ambayo ikipotea hutamweleza mtu. Kwa mtu wa hali yako, mimi ningesema dola 300, zisizidi.

Ile mifuko inayopanda soko likishuka, uliyoitaja mwishoni mwa barua, isome vizuri kwanza. Inageuza mwendo wa siku moja moja, haigeuzi wa mwaka. Fahirisi ikitoka 100 ikashuka asilimia 10 hadi 90, kesho yake ikapanda hadi 100 tena, fahirisi haijapoteza kitu. Mfuko wako umetoka 100 ukaenda 110, halafu ukashushwa asilimia 11.1 ya hiyo 110. Umebaki na 97.8. Soko linalopandapanda na kushukashuka linaumega kila siku.

Assalamu alaykum Bibi. Niko Mombasa. Mwanangu anafanya kazi Doha na ameniambia ameanza kuuza hisa za kampuni za Marekani kwenye programu ya simu bila kuzimiliki, anasema sasa zinaanguka ni wakati wake. Mimi si mtu wa mambo haya, lakini moyo umeniambia hapana. Je, ni halali? Nimwambie nini?

Waalaykumu salaam dada yangu. Mimi si mwanachuoni, na swali la halali mpelekee sheikh unayemwamini. Ninachoweza ni kukuambia kilichopo. Kuna hadithi ya Hakim bin Hizam, radhi za Allah ziwe juu yake, aliyemuuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, juu ya mtu anayemjia kutaka kununua kitu ambacho Hakim mwenyewe hanacho, naye akaenda kukinunua sokoni ili amuuzie. Akajibiwa: usiuze usichokuwa nacho. AAOIFI ya Bahrain, inayotunga viwango vinavyofuatwa na benki nyingi za Kiislamu, haikuruhusu kuuza hisa za kuazima. Kwa hiyo moyo wako haukukosea njia.

Lakini liko jambo la pili, na hilo nakuomba umwambie mwanao hata kama la kwanza mnalibishania. Kwenye programu nyingi za simu hakuna hisa inayoazimwa wala kuuzwa. Unachoingia ni mkataba na kampuni yenye programu: bei ikishuka inakulipa tofauti, ikipanda unailipa wewe. Mara nyingi hasara yako ndiyo pato lake. Mkataba ukilala usiku hutozwa gharama inayohesabiwa kama riba. Na unaruhusiwa kucheza na kiasi kikubwa mara tano au zaidi ya fedha uliyoweka, kwa hiyo hisa ikipanda kidogo tu akaunti inafutika. Mwaka 2018 mamlaka ya masoko ya Umoja wa Ulaya ilisema kwamba kati ya asilimia 74 na 89 ya akaunti za watu wa kawaida kwenye mikataba ya aina hii hupoteza fedha, na ikazilazimisha kampuni ziandike onyo kwenye matangazo yao. Mwambie aifungue programu yake, atafute maandishi madogo chini kabisa. Asilimia yao huenda imeandikwa palepale. Akuletee uisome wewe mwenyewe.

Usimkaripie. Mtoto aliye mbali akikaripiwa kwenye simu huacha kusema, haachi kufanya.

Habari za kazi Bibi. Mimi ni mwanafunzi wa uhasibu, Nairobi. Mhadhiri wetu alisema wauzaji wa hisa za kuazima ndio wanaoangusha masoko na wanapaswa kupigwa marufuku kabisa. Unakubaliana naye?

Nzuri, mwanangu. Kwa heshima zote kwa mwalimu wako, sikubaliani naye. Nimeandika yote ya hapo juu kumzuia dereva wa lori asitie fedha za mama yake, lakini kuwafukuza sokoni wanaoijua kazi hiyo ni jambo jingine.

Marekani ilijaribu Septemba 2008. Ilizuia kwa wiki kadhaa kuuza kwa kuazima hisa za mabenki na kampuni za fedha, mamia ya kampuni. Hisa hizo zilizidi kuanguka bila wao, kwa sababu ugonjwa ulikuwa ndani ya mabenki yenyewe.

Mfano ninaotaka uusome kwa makini, wewe unayesomea uhasibu, ni wa Ujerumani. Wirecard ilikuwa kampuni ya teknolojia ya malipo, fahari ya nchi, iliyoingia kwenye fahirisi ya DAX, ya kampuni kubwa za Ujerumani, mwaka 2018. Waandishi wa gazeti la Financial Times na wauzaji wa hisa za kuazima walikuwa wakisema hesabu zake za Asia hazisimami. Februari 2019 mamlaka ya fedha ya Ujerumani, BaFin, ilichukua upande wa kampuni: ikapiga marufuku ya miezi miwili kuongeza mauzo ya kuazima ya hisa za Wirecard, kisha ikapeleka malalamiko ya jinai dhidi ya waandishi kwa waendesha mashtaka. Watu wengi wa kawaida waliliona hilo wakaelewa kwamba serikali imeikagua kampuni na ni salama. Wakanunua.

Juni 2020 wakaguzi walikataa kutia saini. Euro bilioni 1.9 zilizodaiwa kuwa benki huko Ufilipino hazikuwepo. Tarehe 17 Juni hisa ilikuwa zaidi ya euro 100. Tarehe 25 kampuni ikaomba kufilisiwa, na tarehe 26 hisa ikafunga chini ya euro 2.

Waliouza kwa kuazima mwaka 2019 na wakalazimika kurudisha bei ilipopanda hawakulipwa fidia na mtu. Nao walikuwa wamesoma hesabu zilezile ambazo wakaguzi walizisaini mwaka baada ya mwaka. Ukiingia kazini, utakutana na karatasi ya benki inayothibitisha salio la mteja. Piga simu benki wewe mwenyewe, kwa namba uliyoitafuta wewe, si ile iliyoandikwa juu ya karatasi.